Fundi Aliyekataa Gundi

Fundi alikuwa na meno ya kahawia. Naanzia hapo kwa sababu kila aliyefika kwenye kliniki yetu pale Garissa alianzia hapo. Alimtazama mwanamke aliyetengeneza meno ya nusu ya mji, akaona ya kwake yana mistari na madoa, kisha akainamisha macho kwa aibu ambayo Fundi mwenyewe hakuwa nayo.

"Uliza," alikuwa akisema. "Usiangalie chini. Uliza."

Mtu akiuliza, jibu lilikuwa lile lile. Alikua akinywa maji ya kisima kirefu upande wa Wajir, maji yenye madini yanayopaka meno rangi kabla hayajachomoza kwenye ufizi. Haisuguliki, haioshiki.

"Hii si uchafu," alisema. "Hii ni maji ya kwetu. Mimi nikifungua mdomo unajua natoka wapi. Wewe yako iko wapi?"

Mwaka aliozaliwa siujui. Nilimuuliza mara tatu katika miaka sita nikapewa miaka mitatu tofauti, na kila safari alikuwa mdogo zaidi. Ukoo wake nao sitautaja, ingawa Garissa hilo ndilo swali linalofuata salamu. Yeye alilikataa. Mzee akimuuliza, "Wewe ni wa nani?" alijibu, "Wa tanuri," akaendelea na kazi.

Mimi nilikuwa muuguzi, mtu wa Malindi, nimepelekwa huko kumsaidia daktari wa meno katika kliniki ndogo ya jumuiya karibu na soko la mifugo. Siku niliyofika nilimkuta mlangoni, aproni imejaa vumbi jeupe, shashi ya kijani kichwani. Aliniangalia kuanzia viatu.

"Umetoka Kenya lini?"

Nilidhani hakunielewa. Nikamwambia hapa pia ni Kenya. Alicheka, na alipocheka aliinua ncha ya shashi akaziba mdomo. Baadaye nilijua kwamba huko wengi husema hivyo: ukivuka daraja la Tana kwenda upande wa pili, ndipo umekwenda Kenya. Kuanzia siku ile aliniita abaayo, yaani dada, na wala hakuwahi kuniuliza jina langu la ubatizo. Nadhani alilijua, lakini hakuona kazi yake.

Kiswahili chake kilikuwa cha kujifunza ukubwani, katika chuo cha Nairobi alikosomea ufundi wa meno akiwa mwanamke peke yake wa kutoka kwao. P kwake ilikuwa b, na v ilikuwa f. Alisema "bole bole" na "fizuri", na sitayaandika matamshi yake yote hapa, maana yeye mwenyewe angeniuliza nimeandika kwa faida ya nani. Siku moja nilijaribu kumsahihisha. Alikuwa amesema kiti imevunjika.

"Kimevunjika," nikasema.

Akageuka na kile kiti mkononi. "Abaayo, imevunjika au haijavunjika?"

"Imevunjika."

"Basi tumeelewana."

Chumba chake kilikuwa nyuma ya kliniki, ukuta wa mawe mpaka kiunoni na mabati kutoka hapo kwenda juu. Mchana mabati yalilia kwa joto. Ndani mlikuwa na meza, taa ya kuinamia, taya za plasta zimepangwa rafuni kama vikombe, na tanuri lake la umeme lisilozidi ndoo kwa ukubwa. Tanuri hilo ndilo lililokuwa likipewa maneno matamu. Sisi wengine alitufokea. Kwa tanuri alisema, "Haya, mama, haya," kama mtu anayemkamua ngamia mgeni.

Niliyojifunza juu ya kazi yake nilijifunza kwa kufokewa. Jino lililovunjika na mzizi ukabaki mzima huvishwa kofia. Kofia yenyewe ni chuma chembamba, lakini nani anataka kucheka chuma? Kwa hiyo juu ya chuma hutandazwa kaure, udongo wa jamii ya vikombe vya kahawa. Mimi nilidhani kaure inagandishwa kwa gundi. Nilisema hivyo wiki yangu ya kwanza, na Fundi akaweka brashi chini.

"Gundi? Gundi ni ya viatu."

Akanionyesha. Chuma kikishatoka kwenye kalibu hupulizwa mchanga mkali mpaka mng'aro uishe na uso wake ukwaruzike. Kisha huchomwa kitupu, bila kitu juu, mpaka kitoe ngozi nyembamba ya kijivu. Kaure hushika kwenye ngozi hiyo. Baada ya hapo ni tabaka la kwanza zito la kuficha chuma, halafu unga wa kaure uliolowa, tabaka juu ya tabaka kwa brashi nyembamba, na kila tabaka lina safari yake ndani ya tanuri. Mwisho ni kupoa, na hapo ndipo Fundi alikuwa hasikii la mtu. Kila kitu kikipoa hunywea. Chuma na kaure vikinywea karibu sawa, chuma kikizidi kidogo tu, basi chuma huikaza kaure na haing'oki tena. Visipolingana, kaure inapasuka, leo au baada ya mwezi, ndani ya kinywa cha mtu.

Chuma kikishapata ile ngozi hakikuguswa na kidole cha mtu yeyote. Mafuta ya kidole huacha viputo. Daktari wetu, mtu mpole wa kutoka Kakamega, aliwahi kunyoosha mkono akiinue kimoja akione vizuri. Fundi alimpiga kofi mkononi mbele ya mgonjwa. Daktari akasema samahani. Nilijua siku hiyo nani mkubwa wa kliniki ile, ingawa haikuandikwa mlangoni.

Umeme wa Garissa wakati ule ulitoka kwenye majenereta ya mji, na Fundi aliyajua kwa sikio. Mngurumo ukibadilika hata kidogo, aliruka akazima tanuri kabla taa hazijapepesa. Aliwahi kuacha sahani ya wali kwenye harusi, akakimbia mitaa mitatu na henna mbichi mikononi, kwa sababu alisikia mashine zinakohoa na ndani ya tanuri mlikuwa na meno ya mzee wa msikiti.

Haraka hakuijua kabisa. Afisa mmoja mkubwa alimtuma dereva achukue jino lake kabla ya mkutano wa saa kumi. Jino lilikuwa linapoa.

"Kesho," Fundi alisema.

"Mama, bosi anahutubia leo."

"Mwambie asihutubie. Atapendwa zaidi."

Dereva aliondoka akicheka, na sijui alifikisha ujumbe kwa maneno gani, lakini jino lilichukuliwa kesho yake.

Darajani vilevile hakulegea. Wakati huo ukivuka kwenda Nairobi, gari lilisimama kizuizini na abiria wakaonyesha vitambulisho, na Msomali alitazamwa mara mbili. Fundi alikuwa akisafiri na sanduku la taya za plasta. Kijana wa zamu alimtaka afungue. Akafungua. Taya tatu zikamkenulia yule kijana meno, akarudi nyuma hatua moja.

"Hawa ni akina nani?"

"Watu watatu," Fundi alisema. "Mmoja ni afisa wenu. Uliza kitambulisho chake kwanza, halafu changu."

Alinisimulia hayo mwenyewe, lakini dereva wa gari lile naye alinisimulia, na maneno yalilingana. Aliongeza kwamba baada ya kuvuka, mama yule alitetemeka mikono mpaka Mwingi.

Hilo la kutetemeka linanirudisha kwenye shashi aliyozibia mdomo. Mtu huyu aliyewaambia watu "uliza" hakucheka hata siku moja bila kuufunika mdomo wake. Mpiga picha alipokuja kliniki kupiga picha ya wafanyakazi, Fundi alifunga midomo ikawa mstari. Na bado, binti mmoja alipoletwa na mama yake kutoka Wajir, mchumba wake yuko ng'ambo, akitaka meno manne mazima yachongwe yavishwe kofia nyeupe ili yasionekane ya kahawia, Fundi aligoma.

"Jino zima sikati."

"Ni harusi," mama alisema.

"Harusi ni siku saba. Jino ni la maisha."

"Wewe unaona wivu kwa sababu yako ni mabaya!"

Nilishika kitasa cha mlango nikingoja matusi. Hayakuja. Fundi alimtazama yule binti, si mama, akasema kwa Kisomali kitu ambacho binti alinitafsiria baadaye: kwamba naye aliwahi kutaka hivyo hivyo, akiwa chuoni, na mwalimu wake alikuwa tayari kumfanyia bure, na usiku wa kuamkia siku hiyo alikaa na kioo mpaka asubuhi, akaona kwamba hataki kumfundisha mtu yeyote wa kwao kuwa maji yao ni ugonjwa. Binti aliondoka na meno yake. Mama hakusalimiana nasi tena sokoni. Mimi nilimuuliza Fundi kwa nini basi anajiziba.

"Kujua kitu ni kimoja," alinijibu. "Mkono una tabia yake."

Sasa niseme habari ya mwalimu wa Hagadera, maana bila hiyo nitakuwa nimesimulia vichekesho tu.

Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, mkimbizi, akifundisha watoto wa kike kusoma katika shule ya kambi ya Hagadera. Meno yake manne ya mbele, juu, yalivunjwa kwa kitako cha bunduki njiani alipokuwa akikimbia kutoka kwao. Mizizi ilibaki. Alikuwa anafundisha kwa kuandika ubaoni tu, kwa sababu herufi f kinywani mwake ilikuwa upepo mtupu na watoto walikuwa wameanza kumwiga. Waliokuwa wakisimamia matibabu ya wakimbizi walikubali kung'oa mizizi, basi. Fundi alipoiona mizizi ile mizima, alimshika daktari begani. "Hung'oi. Namtengenezea."

Daktari aliitibu mizizi. Fundi akatengeneza safu ya meno manne yaliyoshikana, kaure juu ya chuma, na akaipa rangi si nyeupe ya karatasi bali ya meno mengine ya yule mwalimu, na mstari mmoja mwembamba wa kahawia kwenye jino la pembeni. Ilimchukua wiki mbili. Lakini msimamizi wa kliniki alikuwa amebadilisha chuma. Kile cha zamani kilikuwa kimekwisha, kikaletwa cha kiwanda kingine kilichopatikana upesi. Fundi alilalamika, akaambiwa chuma ni chuma.

Asubuhi ya kuyaweka, mwalimu alifika na lori la kambi. Alikuwa na barua ya ruhusa ya siku hiyo moja, na lori lilikuwa linarudi saa sita. Msimamizi aliniita ofisini akanipa kitabu cha wagonjwa. "Andika kabisa kwamba yamewekwa, sista, wageni wanakuja kukagua mchana." Nikaandika. Kalamu ilikuwa mkononi, na mtu anayeniajiri alikuwa mbele yangu. Sina maelezo mengine.

Niliporudi chumba cha nyuma, Fundi alikuwa ameinamia taa. Ufa mwembamba kama unywele ulikuwa umepita katika meno mawili, na alipougusa kwa ncha ya kifaa, ganda la kaure liliachia likaanguka juu ya meza. Chini yake chuma kilikuwa kinatutazama.

Msimamizi alikuja. Alikuwa mtu nadhifu, si mkatili. Nataka niwe wa haki. Aliangalia saa.

"Kuna saruji ile ya daktari ya kugandishia. Bandika hilo ganda. Aende nalo."

"Litatoka."

"Litatoka baadaye. Leo aende nalo."

"Atalimeza. Au litamkata ulimi, mbele ya watoto darasani."

"Fundi, bandika."

Alichukua nyundo ndogo anayovunjia plasta. Aliiweka ile safu juu ya jiwe la mlangoni, mbele ya viatu vyake msimamizi, akaipiga mara tatu. Vipande vya kaure viliruka mpaka uani. Mbuzi wa jirani alikimbia.

Mwalimu wa Hagadera alisikia nyundo akiwa kwenye kiti cha daktari. Alikuja mlangoni amejifunika mdomo kwa mtandio, akatazama chini, akaelewa. Fundi alianza kumweleza kwa Kisomali, ngozi ya kijivu, kunywea, kupoa. Mwalimu alimkatiza, na alisema kwa Kiswahili, nadhani ili sisi sote tusikie.

"Nani alikuambia uvunje? Yalikuwa yangu."

Fundi aliiweka nyundo chini.

"Bunduki haikuniuliza," mwalimu alisema. "Na wewe hukuniuliza."

Akaondoka na lori la saa sita, kinywa chake kikiwa kama kilivyokuja. Fundi alikaa kwenye jiwe lile la mlangoni mpaka alasiri, akiokota vipande kimoja kimoja.

Msimamizi alimsimamisha kazi kwa kuharibu mali ya kliniki, na kamati ya wazee ikaitishwa wiki iliyofuata. Mwenyekiti wake alikuwa mfanyabiashara wa ng'ombe, mzee mtaratibu mwenye ndevu za henna. Tulikaa chini ya paa la turubai, mvua za mwaka ule zikiwa zimeshaanza na matope yamefika mlangoni. Msimamizi alisoma maelezo yake vizuri, kisha akaongeza kwamba kitabu cha wagonjwa kinaonyesha mgonjwa alikwisha kuwekewa meno kabla Fundi hajayavunja, kwa hiyo Fundi aliharibu mali ya mgonjwa pia.

Fundi hakunitazama. Angenitazama, pengine ningenyamaza kwa ukaidi. Kwa kuwa hakunitazama, nilisimama.

"Hayakuwekwa," nikasema. "Niliandika mimi, kabla. Niliandika uongo."

"Uliambiwa uandike?" mwenyekiti aliuliza.

"Niliambiwa. Lakini mkono ulikuwa wangu."

Msimamizi alinitazama kama mtu aliyekanyagwa na mnyama wake mwenyewe. Mwenyekiti akamgeukia Fundi.

"Na wewe una la kusema?"

"Adeer," Fundi alisema, akimwita baba mdogo kwa heshima, "nina chai ya kusema."

Aliomba chai ya moto sana na kikombe cha maji ya mtungi. Kutoka kwenye aproni alitoa vibati viwili vyembamba, kila kimoja kimechomewa kaure ile ile, kwa tanuri lile lile. Kimoja cha chuma cha zamani, alichokitengeneza kwa masalio ya mwisho, kimoja cha chuma kipya. Alivitia kwenye chai. Tukasubiri. Akavitoa kwa koleo akavitumbukiza kwenye maji baridi. Kutoka kwenye kikombe ilisikika sauti ndogo, tik, kama mtu kavunja njiti. Alivimimina kwenye kiganja cha mwenyekiti. Kimoja kilikuwa kizima. Cha pili kilikuwa kimevua kaure kama yai lililovuliwa ganda.

"Leo ni chai," Fundi alisema. "Mwezi ujao ni kinywa ya mtu. Hii ungeweka kwa mama yako?"

Mzee aligeuzageuza kile kipande. "Na nyundo?"

"Nyundo nilikosea." Watu wakanong'ona, hakuna aliyewahi kumsikia akitamka neno hilo. "Sikukosea kwa kliniki. Nilikosea kwa mwenye meno. Nilipaswa kumpa yeye nyundo."

Kamati ilikaa saa nzima. Ilimkubalia kuhusu chuma na ikamfukuza kwa ajili ya nyundo. Msimamizi alibaki, alikuwa na watu wake. Fundi aliruhusiwa kutumia tanuri mpaka mwisho wa mwezi, amalize meno ya mwalimu, halafu akabidhi ufunguo.

"Mwezi una siku ngapi zimebaki?" aliuliza.

"Kumi na tisa."

"Sawa," alisema, na kesho yake alianza safari ya Nairobi kutafuta chuma cha zamani.

Mvua ilikuwa imekata barabara. Kila mtu alimwambia asiende. Alipanda lori mpaka lilipozama, akatembea pembeni ya maji na wachunga ngamia siku mbili, akapanda trekta, akapanda sijui nini. Siku ya kumi na moja alirudi, amekonda, mguu mmoja umevimba, na chuma chake kimefungwa kwenye kitambaa kiunoni chini ya nguo. Hakutuambia zaidi ya hayo. Alilala kwa saa nne, akaosha mikono mpaka viwiko, akaenda kwa tanuri. "Haya, mama."

Majenereta yalikatika mara mbili wiki ile, na mara zote mbili alianza upya tabaka lililoharibika. Siku ya kumi na nane meno manne yalikuwa yamepoa juu ya kigae, na alijaribu kipande cha mfano kwenye chai mara kumi, akihesabu kwa sauti.

Mwalimu hakuwa na ruhusa nyingine ya kutoka kambini, kwa hiyo kesho yake alfajiri sisi tulikwenda kwake. Daktari alikwenda bila kumwambia msimamizi. Alitoka jasho njia nzima mpaka Dadaab, lakini alikwenda. Hagadera matope yalikuwa ya magoti. Mkokoteni wa punda ulitupeleka kutoka barabarani hadi shuleni, vifaa vya daktari vikiwa mapajani mwangu. Mwalimu alitukuta darasani, ubao nyuma yake umejaa herufi.

Fundi hakumsalimu kwa maneno mengi. Alifungua kitambaa, akaweka ile safu juu ya dawati, na kando yake akaweka nyundo.

"Angalia kwanza," alisema. "Ukipenda, daktari ataweka. Usipopenda, funja wewe."

Mwalimu aliyatazama meno kwa muda mrefu. Alikigusa kile kimstari cha kahawia kwa ukucha. Kisha akaisukuma nyundo pembeni, akaketi kwenye dawati la watoto, akafungua kinywa.

Daktari alipomaliza alimwomba aseme f. Mwalimu akasema fa. Akasema fi, fu, na kutoka dirishani, ambako watoto wa kike walikuwa wamejazana bila sisi kujua, zikaja sauti ishirini zikimjibu, fa, fi, fu, kwa nguvu ya kutikisa mabati. Mwalimu aliwafukuza kwa mkono, machozi yakimtoka, lakini hakuwageuzia uso.

Kisha akamwambia Fundi, "Bado nina hasira na wewe."

"Hasira ni haki yako," Fundi alisema. "Tafuna mkate kwanza."

Jioni ile, tuliporudi Garissa, Fundi alikabidhi ufunguo. Miaka miwili iliyofuata alitengeneza meno ya plastiki ya kuvaa na kuvua, kwenye kibanda nyuma ya wauza ngozi, kazi isiyohitaji tanuri. Alisema ni kazi halali lakini haina moto. Kliniki haikupata fundi mwingine. Tanuri lilifunikwa kitambaa. Mimi niliendelea kuandika kwenye kitabu cha wagonjwa, na kila nilipoambiwa niandike kabla, niliweka kalamu chini. Msimamizi hakuniomba mara nyingi.

Mara ya mwisho nilimwona pale Modogashe. Nilikuwa nimehamishiwa Isiolo, nashuka kunyoosha miguu kwenye njia panda ile ya malori na mbuzi, miaka ya tisini ikiwa imebakiza miezi. Aliketi juu ya kasha la mbao lililoandikwa "Upande wa juu ni huu".

"Abaayo! Umetoka Kenya?"

Ndani ya kasha mlikuwa na tanuri. Hospitali moja ya misheni ilikuwa ikifunga karakana yake, na alikuwa amewaandikia barua kila mwezi mpaka wakachoka. Alikuwa analipeleka Wajir, afungue chumba chake mwenyewe. Alitoa pia mkobani jarida la wazungu lililokunjwakunjwa, akanionyesha picha. Alikuwa amesoma kwamba huko sasa wanachonga kofia za meno kwa kitu cheupe, zirkonia, kigumu ajabu, kisicho chuma, na juu yake wanatandaza kaure ile ile.

"Hakina ngozi ya kijivu," alisema, akigonga picha kwa kidole. "Sasa kaure inashika nini? Na inapoa nayo vipi? Hawajasema. Wameandika kurasa nne, hawajasema!"

"Labda hawajui bado."

"Basi waseme hatujui. Nimewaandikia."

Lori la Wajir lilikuwa tayari. Utingo alikuja kuchukua kasha alifunge juu, kwenye magunia. Fundi alisema halipandi juu, litakaa mapajani mwake, mbele. Utingo akasema kiti cha mbele kimeshikwa na afisa anayekwenda kazini kwake. Afisa mwenyewe alikuwa amesimama pale, suti ya buluu, gazeti kwapani.

Fundi alikwisha kuingia. Alivuta kasha, akalilaza mapajani, akafunga mlango.

"Mama, shuka," dereva alisema.

"Sishuki."

"Mama, huyu ni afisa."

"Na hii ni tanuri. Yeye akirukaruka huko juu havunjiki."

Wakabembeleza, wakatisha, wakamwita mzee mmoja wa pale aje aseme naye. Mzee alisikiliza pande zote mbili kisha akaenda zake kunywa chai. Jua lilikuwa kali. Mwishowe afisa alimpa utingo gazeti lake, akavua koti, akapanda.

Lori liliondoka njia ya Wajir na vumbi lake. Juu ya magunia, kati ya mbuzi wawili, mtu wa shati jeupe alikuwa ameshikilia kamba kwa mikono yote miwili. Chini, kwenye dirisha la mbele, Fundi alikuwa anacheka, na mikono yake ilikuwa imelikumbatia kasha, kwa hiyo hakukuwa na mkono wa kuziba mdomo.